Besi Mpya, Usiku wa Zamani

Mazungumzo ya leo, ndugu msikilizaji wa Mbozi Mission, Vwawa, Mlowo au Tunduma, ni ya besi. Wengi wenu mnaijua kwa mwili kabla ya kuijua kwa sikio: bajaji yenye spika nyuma ya kiti inapita, na kabla hujatambua ni wimbo gani, kifua kimeshatikisika.

Nimekuwa nikisikiliza nyimbo mpya za hausi, zile zenye besi nzito, zinazotoka Uingereza, Afrika Kusini na Dar es Salaam. Kuna jambo linanirudia kila nikizisikiliza. Nyimbo ni mpya, lakini zinatamani usiku wa zamani. Kijana aliyezaliwa juzi anakaa mbele ya kompyuta yenye sauti za kila namna, halafu katika zote anachagua kinanda cha mwaka 1988. Anataka nini huko? Na sisi wa Mkoa wa Songwe, tukitamani usiku wetu, tunachagua sauti ipi?

Nianzie mbali kidogo, nitarudi nyumbani upesi. Hausi ilizaliwa Chicago, Marekani, mikononi mwa Wamarekani weusi, wengi wao wakiwa watu waliofungiwa milango kwingine. Frankie Knuckles alianza kupiga santuri kwenye klabu ya Warehouse mwaka 1977. Vijana waliomfuata hawakuwa na fedha za kukodi bendi, ila walipata mashine za ngoma na besi za kampuni ya Roland zilizokuwa zimeshaacha kutengenezwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Muziki wao ukavuka bahari. Kuanzia kiangazi cha 1988 vijana wa Uingereza walikuwa wakikusanyika kwa maelfu kwenye maghala matupu na mashambani, wakicheza hadi jua linachomoza. Sherehe hizo ndizo zikaitwa reivu. Mwaka 1992 ulifanyika mkusanyiko mkubwa mno Castlemorton, na miaka miwili baadaye bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwapa polisi nguvu za kuvunja sherehe kama hizo. Sheria yenyewe ilieleza hadi aina ya muziki uliolengwa, muziki wa midundo inayojirudia. Hebu fikiria, msikilizaji: mdundo umeingia kwenye kitabu cha sheria za nchi!

Reivu hizo zilipovunjwa, zikaanza kukumbukwa. Mwaka 2007 mwanamuziki wa London anayejiita Burial alitoa albamu ya Untrue, na muziki ule wote unasikika kama mtu aliyesimama nje ya ukumbi uliokwisha fungwa. Yeye mwenyewe alikuwa mdogo mno kuhudhuria zile reivu za mwanzo. Alizijua kwa kusimuliwa na kaka yake. Mwaka 2017 wasanii wawili kutoka Belfast, wanaojiita Bicep, wakatoa wimbo wa Glue, na kwenye video yake hakuna mtu hata mmoja anayecheza. Unaonyeshwa maeneo zilikofanyika reivu jinsi yalivyobaki baadaye, na juu yake maandishi ya kumbukumbu za waliokuwepo. Mwaka 2022 wimbo wa hausi wa Eliza Rose na Interplanetary Criminal, wenye ladha yote ya miaka ya 1990, ukashika namba moja Uingereza. Mwaka huohuo Beyoncé akatoa Break My Soul na kuwataja miongoni mwa watunzi wake wale walioandika Show Me Love ya Robin S. Ile sauti ya ogani inayoruka chini ya Show Me Love ilitoka kwenye kinanda cha Korg M1, kilichoingia sokoni mwaka 1988.

Unaona jinsi wenzetu wanavyokumbuka. Klabu maarufu ya Haçienda ya Manchester ilifungwa 1997, ikabomolewa, na pakajengwa nyumba za kuishi zenye jina lilelile. Ukumbi haupo, lakini sauti zake zipo: kwenye santuri, kwenye kanda zilizorekodiwa usiku wenyewe, kwenye vinanda ambavyo bado vinawashwa. Kijana wa leo akitaka kuugusa usiku ule ana cha kushika.

Sasa turudi nyumbani. Dar es Salaam kulikuwa na klabu ya Bilicanas. Mtoto wa mkoani aliyepata bahati ya kuingia mle aliporudi kijijini alikuwa na hadithi za mwaka mzima. Mwaka 2016 Shirika la Nyumba la Taifa lilimwondoa mpangaji kwa madai ya deni la kodi, kisha jengo likavunjwa. Nakuuliza msikilizaji: usiku mmoja wa Bilicanas, wenye kelele za watu wake na sauti ya DJ wake, leo unausikia wapi? Nimeuliza watu wengi. Wanazo picha. Sauti hawana.

Hapo ndipo penye shida ninayotaka tuione pamoja. Kumbukumbu ya muziki huu wa besi inaishi ndani ya mashine. Mtu asiyeiweka humo anabaki kutumia kumbukumbu ya mwenzake.

Chukua amapiano, ambayo sasa ndiyo besi ya kila harusi kuanzia Tunduma hadi Mlowo. Moyo wake ni ile sauti inayoitwa logi dramu, inayolia kama gogo tupu lililogongwa ndani ya pipa la maji. Wengi wanamtaja MDU, anayejulikana kama TRP, kuwa ndiye aliyeiingiza kwenye muziki huo kule Gauteng, Afrika Kusini. Inapatikana ndani ya programu ya FL Studio ambayo kila prodyuza wa mtaani anayo kwenye kompyuta yake. Ukiichunguza inavyotengenezwa, utakuta ni ufundi wa zamani: sauti moja inatikisa sauti nyingine kwa kasi kubwa mpaka inazaliwa ya tatu, ngumu mwanzoni na nzito mwishoni. Ufundi huo aliugundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwishoni mwa miaka ya 1960, Yamaha wakanunua leseni yake, na mwaka 1983 wakatoa kinanda cha DX7. Vinanda vya ukoo huo ndivyo vilivyotoa besi nyingi za hausi na reivu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo unapocheza Bia Tamu ya Marioo ya mwaka 2021, au Komasava ya Diamond Platnumz ya mwaka 2024, besi inayokusukuma ina undugu na ile iliyowasukuma watoto wa Manchester kabla wazazi wa baadhi yenu hawajaoana.

Kuna jambo jingine kuhusu logi dramu ambalo naamini ndilo lililoipa ushindi huku kwetu. Besi ya kweli ya chini kabisa inahitaji nafasi. Wimbi la sauti linalotikisika mara 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, na spika ya simu, ndogo kama kifungo cha shati, haina uwezo wa kulisukuma. Ukipiga kwenye simu wimbo wa besi ya namna hiyo, besi inapotea, unabaki na kelele za juu. Logi dramu ina mgongano wake wa juu unaopenya hata kwenye simu ya bei rahisi, na sikio linajazia lenyewe sehemu ya chini. Muziki wetu unasafiri kwa simu, kwa flashi na kwa memori kadi zinazojazwa kwenye vibanda vya stendi. Besi inayosikika kwenye simu ikashinda.

Lakini haikuja kwa simu peke yake, na hapa ndipo Songwe tunapopaswa kujivunia, maana tumekaa mlangoni. Lori likitoka Johannesburg kwenda Dar es Salaam kwa njia ya Zambia, kwa kawaida hupita mpaka wa Tunduma. Reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya 1970 na 1975, inapita katikati ya wilaya yetu ya Mbozi. Muziki wa kusini ulifika huku ukiwa ndani ya kabini za madereva. Kwaito, ambayo ni hausi iliyopunguzwa mwendo na watoto wa Soweto, tuliicheza bila kuelewa lugha yake. Brenda Fassie alipotoa Vulindlela mwaka 1997, hakukuwa na baa ya Tunduma iliyopona. Malori yakilala siku kadhaa kusubiri kuvuka, kanda zilikuwa zinabadilishwa mikono: wewe nipe ya Kongo, mimi nikupe ya Afrika Kusini.

Na kabla ya kwaito kulikuwa na kalindula. Vijana wa sasa hamuijui, na hili linaniuma. Katikati ya miaka ya 1970 Rais Kenneth Kaunda aliagiza redio ya Zambia ipige kwa wingi muziki wa Kizambia, na bendi zikalazimika kutazama vijijini kwao. Zikakuta kalindula, gitaa la besi la kienyeji ambalo muziki wote umepewa jina lake. Bendi kama Amayenge na Serenje Kalindula zikaweka gitaa la umeme mahali pa lile la kienyeji, lakini tabia ikabaki: besi inatangulia, inakimbia, inaongea, na magitaa mengine yanaijibu. P. K. Chishala aliimba shida za mtu wa kawaida juu ya besi hiyo, na watu wa huku waliomsikia walielewa, maana Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka na harusi ya Nakonde, upande wa Zambia, ni harusi ya Tunduma. Redio ya Zambia ilisikika vizuri hapa. Watu wakasogeza redio kaseti karibu, wakabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, wakanasa.

Besi nzito haikuanza juzi kwenye mpaka huu. Tuliijua kabla ya jina la amapiano kusikika. Ndiyo maana natamani mwenye studio ya Tunduma siku moja aichukue ile besi ya kalindula inayokimbia na kuiweka juu ya ngoma za hausi. Itakaa vizuri, nina hakika, kwa kuwa zote mbili zinaamini jambo moja: aliye chini ndiye anayeongoza.

Sasa tuje kwenye usiku wetu wenyewe wa kijijini, disko vumbi.

Msimu wa kahawa Mbozi ni msimu wa fedha. Watu wakishalipwa, na baadaye Krismasi ikikaribia, disko linakuja. Nazungumzia miaka ile ambayo umeme ulikuwa hadithi kwenye vijiji vingi. Jenereta linawekwa mbali nyuma ya ukuta ili lisizidi sauti ya muziki, na bado linasikika. Uwanja unazungushiwa magunia au maturubai, mlangoni anakaa kijana mwenye mhuri wa wino wa kukupiga mkononi. Spika zimetengenezwa na fundi seremala, mbao nene, matundu yamekatwa kwa msumeno. Taa ni mbili, moja imefungwa karatasi nyekundu. Ardhi yetu ni ya udongo mwekundu, na watu mia mbili wakianza kuruka, baada ya nusu saa humwoni uliyekuja naye. Besi unaipokea kupitia miguu. DJ anakata wimbo katikati ili ataje majina ya waliolipa kutajwa, watu wanazomea, anaurudisha, uwanja unalipuka. Waliokosa kiingilio wanacheza nje ya turubai gizani, na muziki wao ni uleule.

Hiyo, msikilizaji, ni reivu. Ina kila kitu kilichokuwa kwenye mashamba ya Uingereza: jenereta, giza, watu wasiofahamiana, mdundo mmoja hadi alfajiri, na mtendaji wa kijiji anayekuja kuuliza kibali. Tofauti ni kwamba kule baadhi ya watu walikuwa na kinasa sauti.

Dar es Salaam wana ndugu yake disko vumbi, nacho ni kigodoro. Barabara ya mtaa inafungwa, spika zinapangwa hadi kimo cha paa, na shughuli ya harusi au ya unyago inageuka mkesha. Viongozi wa wilaya na polisi wamekipiga marufuku kwa vipindi tofauti, na malalamiko ya majirani, wagonjwa na watoto wa shule yana haki yake. Siwezi kulidharau hilo. Mwaka 2023 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, nao walifungia baa na kumbi kadhaa kwa sababu ya kelele. Lakini ni kwenye vigodoro hivyo ambako vijana walichukua vipande vya taarabu, wakavizungusha na kuviongeza kasi hadi vikawa kitu kipya. Kabla yao kulikuwa na mchiriku wa miaka ya 1990, na vinanda vidogo vya Casio vilivyokuwa vinapigwa kwenye spika mpaka vinapasuka sauti. Ukoo huo ndio uliozaa singeli. Msaga Sumu na Man Fongo wakaupeleka redioni. Na kule Mburahati, studio ya Sisso ikaukimbiza kwa mwendo ambao mtu wa kwanza kuusikia anadhani mashine imeharibika.

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso. Zikafuata Tatizo Pesa ya Jay Mitta mwaka 2018, Uingizaji Hewa ya Duke mwaka 2019, na mwaka 2022 Mr Mixondo ya DJ Travella, kijana mdogo kabisa. Vijana hawa wakaitwa Ulaya. Waandishi wa kule walipowasikia, wakakumbuka reivu zao wenyewe za mwanzoni mwa miaka ya 1990, pale ambapo ngoma zilikuwa zinakimbizwa na sauti za waimbaji zinapandishwa hadi kuwa za kitoto. Wazee waliolia kwamba usiku wao umekufa, waliukuta unaendelea Mburahati, ukifanywa na watoto ambao hawajawahi kusikia habari za Castlemorton.

Mimi hapo nafurahi, na pia nashtuka. Nafurahi kwa sababu watoto wetu walifikia palepale bila kuiga, wakitumia taarabu ya mama zao na kompyuta ya kuazima. Nashtuka kwa sababu ilibidi Kampala iweke kwenye santuri kile ambacho Dar es Salaam ilikuwa inakiacha kipotelee kwenye flashi. Kama si mkusanyiko ule, miaka 20 ijayo tungekuwa tunausimulia usiku wa Mburahati kama tunavyousimulia wa Bilicanas.

Hapa kwetu Mbozi Mission tuna hazina nyingine ambayo sijasikia prodyuza yeyote akiigusa. Wamoraviani walifungua misheni hii mwaka 1899 chini ya Traugott Bachmann, na kanisa lao limekuwa na desturi ya tarumbeta kwa karibu miaka 300. Kwenye jumuiya zao za kale mtu akifa, waliobaki walipewa habari kwa tarumbeta zinazopigwa kutoka mahali pa juu. Desturi hiyo imeota mizizi nyanda hizi. Asubuhi ya Pasaka, kwenye makaburi, lile tarumbeta kubwa linalobeba sauti ya nne likishuka chini kabisa, kifua kinatikisika kama kwenye disko. Nasema hivyo kwa heshima zote, na mzee yeyote wa kanisa aliyewahi kusimama karibu nalo atanielewa. Hiyo ni besi tuliyokuwa nayo kabla ya umeme. Ikinaswa vizuri, ikakaa chini ya wimbo wa hausi, hakuna mtu wa Manchester wala Pretoria atakayeweza kudai kuwa ni yake.

Wapo watakaoniambia kijana wa Vwawa hatamani tarumbeta, anatamani Johannesburg. Anatamani anachokisikia. Burial hakuzaliwa na hamu ya reivu; kaka yake alimsimulia, na muziki wenyewe ulikuwepo nyumbani. Kumbukumbu ya usiku ambao hukuwepo inahitaji mtu wa kukusimulia na kitu cha kusikiliza. Wasimuliaji tunao tele. Kila kijiji kina mama anayeweza kukueleza disko la mwaka 1994 wimbo kwa wimbo, na aliyepigana, na aliyeolewa na nani kwa sababu yake.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwenu mnaonisikiliza. Juu ya kabati, chini ya uvungu, kwenye sanduku la mjomba aliyekuwa dereva, zipo kanda. Nyingine zina maandishi ya kalamu ya risasi, nyingine hazina chochote. Zisitumbukizwe kwenye redio mbovu, maana kanda ya zamani ikikwama hukatika na kilichokuwemo huenda nacho. Kwanza izungushe taratibu kwa kalamu uone kama inalegea. Kama imenata, iache, mpelekee fundi mwenye mashine inayozunguka vizuri. Safisha kichwa cha kinasa kwa spiriti kidogo kwenye pamba, kisubiri kikauke. Kisha usiinase kwa kuweka simu mbele ya spika, kwa sababu simu itakula besi yote, nayo besi ndiyo tunayoitafuta. Chomeka waya kutoka tundu la spika za masikioni la kinasa kwenda kwenye kompyuta. Nasa pande zote mbili, hata pale panaposikika kelele tupu za watu, na hasa pale. Uandike ilitoka wapi na nani alikuwa anapiga. Na ukisikia katikati ya wimbo sauti ya mtu anataja majina ya waliolipa kutajwa, usiikate.